Kumuenzi Emerson kwenye mwalo wa dagaa: kisa cha picha kumi na mbili

Mpiga picha wa Mwanza anataka kutengeneza picha kumi na mbili za maisha ya mwalo, yaani ufuko ambapo mitumbwi hushusha samaki, kwa heshima ya Peter Henry Emerson, Mwingereza aliyepiga picha za wakata matete na wavuvi wa mashariki ya Uingereza katika miaka ya 1880. Ana kamera ya dijitali yenye kihisi cha mwanga cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 85 na nyingine ya 35, likizo ya siku tisa mwezi Julai, na mwalo mmoja upande wa Ilemela, kaskazini ya jiji. Anarudi na picha zaidi ya mia sita. Akizitazama kwenye kompyuta haoni hata moja ya kuchapa.

Kisa ni cha mfano, lakini makosa yaliyomo ni yale yale yanayomkuta karibu kila anayejaribu kumuenzi mtangulizi: anaanza na rangi ya kahawia na nguo za zamani, kisha anatafuta watu wa kuzijaza. Alichoacha Emerson cha kufuata si sura ya picha. Ni namna ya kuijua kazi ya mtu kabla ya kumwelekezea lenzi.

Kwanza tumweke Emerson mahali pake. Alizaliwa Cuba mwaka 1856, baba Mmarekani na mama Mwingereza, akasomea udaktari Uingereza, kisha akauacha kwa ajili ya kamera. Albamu yake inayojulikana zaidi ina tarehe ya 1886. Aliitengeneza na mchoraji Thomas Frederick Goodall, nayo ina picha 40 zilizochapwa kwa madini ya platinamu, zote za Norfolk Broads, eneo la mabwawa, mito ya polepole na matete. Mwaka 1889 alitoa kitabu cha mafundisho akidai picha ifuate jicho linavyoona, si kamera inavyoweza. Haukupita muda akayakana mafundisho yake mwenyewe kwa kijitabu chenye mipaka myeusi, kama tangazo la msiba. Mtu wa namna hiyo hafuatwi kama mtume. Alifariki mwaka 1936, kwa hiyo hakimiliki ya picha zake imekwisha na hakuna wa kumwomba ruhusa.

Wengine watauliza: kwa nini Mwingereza, wakati ziwa hili lina kumbukumbu zake? Swali ni la haki. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, yameshika vitu vingi vya kazi na maisha ya wakulima wa huku. Picha za Mjerumani Walther Dobbertin, aliyezunguka nchi hii kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zimehifadhiwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Ujerumani. Lakini Dobbertin alikuwa mpiga picha wa koloni, na anayemuenzi analazimika kubishana naye kwenye kila fremu. Kwa Emerson ubishi ni mdogo kidogo. Isitoshe, mandhari yanaitikiana: maji mapana yasiyo na mlima nyuma yake, mafunjo mahali pa matete, na watu wanaojua kesho yao kwa kutazama mawingu.

Mbalamwezi

Kosa la kwanza lilifanyika kabla kamera haijatoka kwenye begi. Likizo iliangukia wiki ya mwezi mpevu. Dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, dagaa wanatawanyika. Wavuvi hupandisha mitumbwi mchangani na kusubiri giza. Mwenyeji yeyote wa mwalo anajua hili, na swali moja la simu lingetosha: "Giza linaanza lini?"

Hesabu yake ni rahisi. Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu. Baada ya mwezi mpevu, kila usiku mwezi unachelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50, hivyo giza linarudi kwanza mwanzoni mwa usiku na linazidi kurefuka. Siku za kupanga safari ya picha za uvuvi ni zile za kuanzia mwezi unapofikia nusu ukipungua, kupita mwezi mwandamo, hadi mwezi mchanga unapokaribia nusu tena. Hizo ni kama wiki mbili.

Julai yenyewe haikuwa na kosa. Ni kiangazi, mvua ni chache, dagaa wanakauka kwa siku moja ya jua kali. Machi hadi Mei dagaa walioanikwa wananyeshewa, wanabadilika rangi na harufu, na mwisho wake wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mpiga picha anayetaka kuonyesha hasara hiyo aje wakati huo. Ila ajue hata picha zake hazitakauka, na sababu itaonekana mbele.

Wiki ya mbalamwezi haikuwa ya kutupwa, kama angejua. Ni wiki ya kushona nyavu, kuziba mitumbwi kwa pamba na lami, kukarabati taa na kudaiana. Emerson angeifurahia, maana picha zake nyingi ni za watu wakiandaa kazi au wakirudi kutoka kwenye kazi. Mpiga picha wetu aliona mitumbwi imelala, akaamua kutengeneza uvuvi wa kuigiza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Jezi, taa na yungiyungi

Picha maarufu kuliko zote za Emerson inaonyesha mwanamume na mwanamke kwenye mashua ndogo wakichuma yungiyungi. Mpiga picha alitaka hiyo hiyo, ya Mwanza. Alipata mtumbwi, akapata ghuba yenye yungiyungi, akamwomba kijana avue jezi ya mpira na binti avae kaniki. Mama mmoja aliyekuwa akitazama kutoka ufukweni alisema lililopaswa kusikilizwa: "Mwanangu, hayo maua wanayapeleka wapi?"

Ndilo swali lenyewe. Wale wa Norfolk hawakuchuma maua ya kupamba meza. Yungiyungi waliyafunga kwenye mitego ya samaki ili kuwavutia samaki aina ya tenchi. Kwenye picha ya Emerson maua ni chambo. Kwenye nakala ya Mwanza maua hayaendi popote, na macho ya watu wawili waliomo yanaonyesha wanajua hivyo.

Mbadala wa picha ile hautafutwi kwa umbo la mashua na maua. Unatafutwa kwa kuuliza: hapa ni wapi mtu anaingia majini kuchukua mmea kwa sababu ya kipato? Kuna wakata mafunjo, wanaoyakata kwa panga wakiwa wamezama hadi kiunoni, wakayafunga mizigo na kuikokota kwa mtumbwi hadi nchi kavu, yakafumwe majamvi. Emerson ana picha ya matete yakivutwa majini ambayo ni ndugu wa damu wa kazi hiyo. Kuna pia watu wa mwalo wanaoondoa magugu maji yanapofunga njia ya mitumbwi. Ndugu huyu Emerson hakuwa naye, lakini kazi ni ileile: mwili, mmea, maji, mtumbwi.

Taa zilikuwa kosa baya zaidi. Zamani dagaa walivuliwa kwa karabai, taa ya mafuta yenye pampu na utambi wa kitambaa. Siku hizi taa nyingi ni za LED zenye betri inayochajiwa kwa sola, zikiwa juu ya maboya. Mpiga picha aliziona za kisasa mno. Aliomba zifichwe chini ya turubai na akatafuta karabai kuukuu, iliyopasuka kioo, ya kuweka mbele ya picha. Nahodha alikubali kwa heshima ya mgeni, ila akatoa onyo lake: "Kaka, ukiondoa taa hiyo na mimi umeniondoa."

Ni kweli, na kiufundi inaonekana. Karabai ambayo haijawaka kwa miaka haina masizi mapya, haina mafuta kwenye mpini, na anayeishika anaishika kama chombo cha maonyesho. Mkono unasema ukweli hata vazi likidanganya. Emerson mwenyewe hakuwa mwaminifu kupita kiasi hapa: aliwapanga watu wake, akachagua nani asimame wapi. Lakini aliwapanga ndani ya kazi wanayoifanya, kwa zana za mwaka ule. Mwaka 1886 zana za wakata matete zilikuwa za kisasa kwao. Anayetaka kumfuata leo apige taa ya LED, jezi ya timu ya Ulaya, ndoo ya plastiki ya lita 20 na sado ya kupimia. Ukizitoa hizo unabaki na ukale wa kununua dukani.

Kipenyo cha lenzi: mahali pa hesabu

Kosa la tatu ni la kiufundi, na linastahili kukaliwa kwa sababu wengi hulifanya wakidhani ndilo heshima yenyewe. Inajulikana kwamba Emerson alitaka kitu kimoja kiwe wazi na vingine vilegee. Mpiga picha akafungua lenzi ya milimita 85 hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa) na kuiacha hapo siku zote tisa. Matokeo yake ni sura za watu mbele ya pazia la rangi: hakuna mwalo, hakuna mitumbwi, hakuna ziwa. Ni picha za pasipoti zilizopigwa nje.

Emerson hakutaka hivyo. Ulegevu, alisisitiza, usifikie kuharibu umbo la vitu. Nyuma paonekane ni nini, ila pasishindane na mhusika. Hili linapimika. Tuseme mama anaanika dagaa umbali wa mita 8 kutoka kwenye kamera, na nyuma yake, mita 60, wabebaji wanashusha ndoo kutoka mtumbwini. Picha itachapwa kwa upana wa sentimita 27.

Kwa f/1.8, kila nukta ya pale mita 60 inageuka doa la takriban milimita 3.3 kwenye karatasi. Kichwa cha mbebaji pale nyuma, kwenye karatasi hiyohiyo, kina urefu wa milimita 2.3 hivi. Doa ni kubwa kuliko kichwa, kwa hiyo mtu ametoweka. Kwa f/5.6 doa linashuka hadi milimita 1 na kidogo, chini ya nusu ya kichwa: unaona ni mtu, unaona ana ndoo, huoni uso wake. Kwa f/11 doa ni nusu milimita, na sasa mtumbwi wa nyuma unaanza kumvuta mtazamaji amwache mama. Kwa umbali huu, basi, kazi iko kati ya f/4 na f/8. Mhusika akiwa karibu zaidi, mita 3 au 4, funga lenzi zaidi: f/8 hadi f/11.

Urefu wa lenzi nao una historia. Emerson alishauri lenzi ndefu, yenye urefu wa fokasi karibu mara mbili ya upande wa chini wa bamba la kioo lililopokea picha. Kwa kihisi chenye upana wa milimita 36 hiyo ni 72, kwa hiyo lenzi ya 85 ilikuwa chaguo zuri na ile ya 35 ingebaki nyumbani. Lenzi fupi hukuza mtumbwi ulio mbele na kuusukuma ufukwe wa ng'ambo mbali, hadi ghuba inaonekana kama bahari.

Kuhusu mwanga tuseme kwa ufupi. Mwanza iko magharibi mwa saa ya Afrika Mashariki, hivyo mwezi Julai jua linachomoza karibu saa 12:50 asubuhi na linafika juu kabisa karibu saa 6:55 mchana. Mitumbwi inarudi alfajiri. Saa mbili za kwanza baada ya jua kutoka ndizo zenye kila kitu kwa pamoja: ukungu kidogo juu ya maji, ndoo zinazobebwa, dagaa wabichi wakitandazwa. Dagaa wabichi wanang'aa kama bati, na kamera ikiachiwa kujipimia utakuta wameungua na kuwa weupe mtupu. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu hadi stopu moja (stopu moja ni nusu ya mwanga), simama ili jua liwe ubavuni, na uso wa mtu uupandishe baadaye kwenye kompyuta. Dagaa wakishaungua hawarudi.

Karatasi, kemikali na maji ya ziwa

Safari ya pili, ya wiki za giza, ilitoa picha. Kilichobaki ni uchapaji, na hapa mpiga picha alikuwa na sababu nzuri ya kutotaka printa ya kawaida: Emerson aliiona chapa kuwa nusu ya kazi. Platinamu ni ghali kwa mtu wa kipato cha kawaida, na kemikali zake zinaagizwa nje. Akachagua sayanotaipu, ile ya bluu, kwa sababu ni rahisi: gramu 25 za feriki amonia sitreti kwenye mililita 100 za maji, gramu 10 za potasiamu ferisianidi kwenye mililita 100 nyingine, changanya sawa kwa sawa, paka, anika juani, osha.

Hapa pana kichekesho. Emerson aliandika kwamba ni mshenzi tu atakayechapa mandhari kwa rangi nyekundu au kwa sayanotaipu. Mtu anamtolea heshima kwa njia ambayo mwenyewe aliitukana kwa jina! Mpiga picha alipoambiwa hivyo alijaribu kuifanya bluu iwe kahawia: akaififisha kwa magadi ya kufulia, gramu 5 kwa lita, kisha akailoweka kwenye chai nzito ya rangi kwa dakika 40. Bluu iliondoka kweli. Ila chai haichagui. Ilipaka na sehemu nyeupe, ziwa likawa rangi ya uji wa ulezi, na ile tofauti ndogo kati ya maji na anga, ambayo ndiyo picha yote ya Emerson, ikafutika.

Kabla ya chai kulikuwa na tatizo jingine ambalo hakulitambua. Chapa zake za bluu zilikuwa zinapauka ndani ya beseni la kuoshea. Bluu hiyo haivumilii ualikali, na maji aliyotumia yalikuwa ya ziwani moja kwa moja. Mwani ukiwa mwingi, maji ya ghuba hupanda ualikali hasa mchana. Karatasi nayo ilichangia, kwani karatasi nyingi za rangi za maji huwekewa chokaa kidogo ili zisiwe njano kwa uzee. Dawa ni mbili: maji ya kwanza ya kuoshea yatiwe siki nyeupe, vijiko viwili vya chakula kwa lita, na karatasi yenye chokaa ilowekwe kwenye siki kabla ya kupakwa hadi viputo viishe, kisha isuuzwe na kukaushwa.

Uamuzi wa busara ulikuwa kuhamia Van Dyke, chapa ya madini ya fedha na chuma ambayo kahawia yake ni ya asili, wala haihitaji chai. Kiasi cha mililita 100 ni hiki: gramu 9 za feriki amonia sitreti kwenye mililita 33 za maji, gramu 1.5 za asidi ya tartariki kwenye mililita 33, na gramu 3.8 za silva naitreti kwenye mililita 33. Changanya mbili za kwanza, kisha mimina ya fedha polepole ukikoroga. Maji yawe yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Soma lebo, maana karibu yake kunauzwa tindikali ya betri, na chupa zinafanana. Maji ya bomba yana klorini, na mabaki yake hugeuza fedha kuwa maziwa meupe ndani ya chupa kabla hujapaka hata karatasi moja. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati huleta chembe za chuma, na kila chembe ni doa jeusi. Silva naitreti inaacha weusi kwenye ngozi kwa siku kadhaa na inaweza kupofusha jicho, kwa hiyo glavu na miwani si mapambo.

Dawa ikae kwenye chupa ya kahawia siku mbili ndipo ifanye kazi vizuri. Karatasi ya sentimita 20 kwa 30 inakula mililita 2 hadi 3. Brashi isiwe na bati shingoni. Paka kwenye chumba chenye balbu ya njano hafifu, kausha gizani hadi karatasi ikigongwa kwa ukucha ilie kavu. Hapo ndipo unyevu wa ziwa unapouma: karatasi inayodhaniwa kavu huvuta maji ya hewani usiku, asubuhi inagandana na negativu (picha geuzi ya plastiki inayolazwa juu ya karatasi wakati wa kuanika), na fedha inaacha alama kwenye negativu zisizotoka tena. Paka na uanike siku hiyohiyo. Plastiki nyembamba angavu kati ya negativu na karatasi nayo huokoa, kwa gharama ya ukali kidogo.

Negativu zenyewe zilichapwa upya zote. Zile za sayanotaipu ni laini mno kwa Van Dyke. Zikitumika, picha inatoka ya kahawia tupu bila nyeupe wala nyeusi, na mtu analaumu kemikali bure. Van Dyke inataka negativu yenye tofauti kubwa kati ya sehemu nyeusi na nyeupe. Printa za leza za maduka ya mjini hazifikishi weusi huo kwenye plastiki moja. Chapa nakala mbili, zilinganishe juu ya kioo cha dirisha, zibandike kwa gundi ya utepe upande mmoja. Njia ya mafukara, ambayo si mbaya hata kidogo, ni negativu ya karatasi ya kawaida iliyopakwa mafuta ya alizeti na kufutwa vizuri. Nyuzi za karatasi hutoa chenga laini ambazo kwa picha ya ukungu zinafaa. Muda wa juani utakuwa mara mbili au tatu.

Kuanika: kioo cha dirisha cha milimita 4 juu, plywood chini, vibanio pembeni. Kioo cha rangi au cha gari hakifai, kinazuia miale inayohitajika. Kwa jua la saa sita hadi saa nane mchana, plastiki ya kawaida inachukua dakika 3 hadi 6, lakini usiamini namba. Kata kipande, kifunike kwa hatua za dakika moja moja, uone. Wingu likipita, kazi inasimama. Mpiga picha alijikuta anaangalia anga kwa jicho lilelile la akina mama waliokuwa hatua 50 kutoka kwake na dagaa wao mchangani, na wao ndio waliokuwa wa kwanza kujua.

Baada ya jua, osha dakika 3 hadi 5 kwa maji yenye asidi ya sitriki kidogo hadi umaziwa uishe. Kisha weka kwenye sodiamu thayosalfeti ya asilimia 3, yaani gramu 30 kwa lita, kwa dakika 3, ukiona kahawia ya manjano inageuka ya kina. Halafu osha nusu saa. Ikikauka itakuwa nyeusi zaidi ya ilivyokuwa majini, kwa hiyo chapa inayopendeza kwenye beseni imezidi.

Ruhusa, majina na pesa

Emerson alizipa picha zake majina ya kazi: mkata matete, mwinda haramu, kutega wavu. Majina ya watu ni nadra. Hapa ndipo heshima kwake inapaswa kumsahihisha. Kwenye mwalo mlolongo unajulikana: uongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi wa mwalo, kwanza, kisha tajiri mwenye mtumbwi, kisha nahodha na wavuvi. Waanikaji nao waombwe peke yao, maana wengi wao si waajiriwa wa yeyote kati ya hao, na idhini ya tajiri haiwahusu. Salamu ndefu si kupoteza muda. Anayefika akisema "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma, na kukaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa dakika 20 bila kufungua begi amefanya nusu ya kazi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ipo, na sura ya mtu inayotambulika si kitu cha kuchukua hivihivi. Karatasi ya idhini iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja, iseme picha itaonyeshwa wapi, kama itauzwa, na mtu anataka jina lake liandikwe au la. Wapo watakaokataa jina na kukubali sura. Wapo watakaosema uso hapana, mikono sawa. Anayetumia nyavu za macho madogo au kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku, ana sababu nzito zaidi ya kukataa, na kumpiga kwa siri ni kumtengenezea ushahidi. Malipo yalipwe kwa muda wa kazi uliopotea, si kwa sura, na yalipwe siku hiyo.

Onyesho la kwanza lilifanyika mwaloni. Chapa kumi na mbili zilining'inizwa kwa kamba na vibanio vya nguo chini ya turubai, wiki ya mbalamwezi, watu wakiwa na nafasi. Wavuvi hawakusema lolote kuhusu rangi ya kahawia. Walibishana kuhusu fundo la nyavu kwenye picha ya nne, nani alilifunga, na kwa nini lilifungwa vibaya. Kila aliyepigwa alipewa nakala ndani ya bahasha ya karatasi, si ya nailoni, na maelekezo mawili: isibandikwe ukutani kwa gundi, isikae mkabala na dirisha.

Picha ya kumi na mbili ni ya alfajiri: nahodha ameshuka, taa ya LED bado inawaka juu ya boya mkononi mwake. Ndiyo ngumu kuchapa kuliko zote. Mahali pa taa hapana fedha kabisa, ni karatasi tupu, kwa hiyo ndipo panapoonyesha kila dhambi ya beseni. Chuma kisipotoka chote kwenye maji ya kwanza, umanjano unaonekana pale kabla ya mahali pengine popote. Mpiga picha sasa hapimi muda wa kuosha kwa saa. Anatazama taa, ikiwa bado njano, chapa inarudi majini.